Michungwa Aliyosingiziwa Bi Mize

Mjukuu wangu, mume wangu Athumani,

Marahaba. Sisi hapa Bagamoyo tu wazima, na dada yako amejifungua salama.

Unaniuliza kama michungwa yako michanga imepigwa jicho, maana majani yamegeuka manjano. Swali hilo limenichoma.

Nilipokuwa msichana, kabla Wadachi hawajashuka hapa, michungwa ya ami yangu ilinyauka vivyo hivyo. Akamfokea jirani yetu Bi Mize, mjane asiye na mtu, mbele ya watu: “Hasidi wee! Umeitazama, sasa inakufa!”

Nilipandwa na hasira, nikashika jembe nikafukua. Ami alikuwa amerundika samadi na udongo mpaka juu ya shina, na gome lililofukiwa lilikuwa limeoza, linanuka.

“Ami, njoo unuse! Hili ndilo jicho la Bi Mize?”

Tuliondoa udongo, miti ikapona, ikazaa. Lakini ami hakumwomba jirani yake radhi. Bi Mize alihamia Winde kwa aibu isiyo yake, akafia huko. Hata leo sijamsamehe ami.

Basi fukua shinani kabla hujamtaja mtu. Na kama umeshamtaja, nenda leo hii ukamwombe radhi, miti itangoja.

Bibi yako