Ziwani Dzialandze na Zaharia

Alhamisi, 7 Julai 1977. Mutsamudu
Nimeswali, nimesoma nyiradi, nimeanika nguo. Chumba cha Zaharia kidogo, kisafi. Binti yangu wa kwanza, mwalimu sasa, serikali imemleta kisiwa hiki. Mimi nimevuka bahari kutoka Moroni kuzungumza naye habari ya nyumba. Nyumba yake. Kwetu nyumba ni ya binti, mume ndiye anayeingia. Naijenga tangu azaliwe. Najua, harusi kubwa ya ada, ile ya kulisha mji mzima, serikali imeipiga marufuku. Lakini amri huja na kuondoka, na mchumba niliyemtafutia kule mji wa Ikoni yuko tayari kungoja.
Kila nikianza anasema, "Jumapili, Mama. Twende ziwani kwanza, upumzike." Haya.

Jumapili, 10 Julai
Gari hadi kijiji cha Patsy na juu zaidi, kisha miguu. Msitu umelowa. Walimu wenzake wananitania: "Mama wa Moroni, kwenu mawe meusi tu, huku maji." Nikawajibu kwetu miguu haichafuki.
Ziwa la Dzialandze. Sijapata kuona maji baridi mengi hivyo mahali pamoja. Subhanallah. Milima imeyazunguka, ukungu unashuka, unapanda. Nikatawadha pale, baridi hadi mifupani. Nikaswali adhuhuri juu ya majani. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu furaha iliishia hapo.
Tulipokula, kijana wa Patsy, Anfani, mwalimu pia, aliniamkia kwa kichwa kilichoinama, akanichagulia kipande kizuri cha samaki. Nikadhani adabu tu.
Zaharia akasema, "Mama, huyu ndiye. Ijumaa tunakwenda kwa kadhi. Bila ada. Tutakaa huku."
"Na nyumba?"
"Weka wapangaji."
Mwalimu mmoja akacheka. Zaharia hakucheka.
Sikupiga kelele. Mbele za watu wale ningepigaje? Mtoto ananijua. Amenipandisha huko ambako sina dada, sina jirani, wala njia ya kushuka peke yangu.

Jumatatu, 11 Julai
Sikulala. Baba yake ametangulia mbele ya haki, walii wa kumwozesha ni ami yake wa Moroni. Nikasema huyo atakataa. Kumbe wamekwisha kumwandikia, amekwisha kukubali. Ami ambaye kila Ijumaa anakula kwangu. Nina hasira. Nimepika, sikula.

Jumatano, 13 Julai
Nimemwambia nitamnyima radhi. Akanimiminia chai.
Baada ya magharibi nikainua mikono nimwombe Mungu amgeuze moyo. Ulimi ukaanza vizuri, ukaishia kumwombea watoto wema na afya. Nikarudia. Vilevile. Hata dua yangu haiko upande wangu.

Alhamisi, 14 Julai
Mvua. Zaharia anashona gauni mwenyewe. Mshono wa kwapani umepinda.

Ijumaa, 15 Julai
Wameozwa baada ya swala, katika chumba cha darasa. Ami alimpa kadhi uwakala kwa barua. Chai, biskuti, basi. Gauni lilimkaa vizuri, hata na mshono ule.
Ingekuwa harusi ya ada, leo ningekuwa jikoni na wanawake wa mtaa mzima, sauti imenikauka kwa kuamrisha. Badala yake walinipa kiti, wakakitilia mto. Anfani alinibusu mkono. Kofia ikamwanguka alipoinama, maskini.
Nikainuka kutafuta vikombe vya kuosha. Vilikuwa vimeshaoshwa. Nikarudi kukaa.