Ukoka Kuzunguka Ukuta

Mjukuu wangu, mume wangu Deo,

Sisi hapa Majimoto ni wazima. Babu yako anakohoa kidogo, ila shamba la mpunga haliachi.

Umeuliza upande majani gani kwenye uwanja wa nyumba yako mpya huko Dodoma, yale laini ya kwenye picha au ukoka. Nilipoolewa hapa nilifagia uwanja kila asubuhi, kama mwanamke yeyote anayejali nyumba yake. Mvua ikachukua udongo niliokuwa naulegeza kwa ufagio, mpaka msingi ukaonekana. Msimu mmoja zaidi, ukuta wetu wa tofali za udongo ungeanguka. Nikaenda kwenye mahindi, nikaokota ukoka tuliokuwa tumeung'oa, nikaupanda kuzunguka ukuta.

Mama mkwe akasimama mlangoni. "Wenzako wanaung'oa, wewe unaupanda. Nyoka wakija utawapikia?"

"Nitawapikia, mama," nikasema, huku naendelea kushindilia.

Kiangazi ukakauka, ng'ombe wakaukanyaga, nami sikuung'oa. Mvua za kwanza ukachipua wote, na udongo haukuondoka tena. Asubuhi moja mama mkwe alichukua ufagio, akafagia uwanja, akaishia pale ukoka ulipoanzia.

Panda ukoka, Deo. Chukua vipande vyenye vifundo, uvifukie mvua zikianza, na usiuruhusu kufika kwenye mboga. Watakaocheka, waache wacheke.

Ukuta ule ndio niliouegemea ninapokuandikia.

Bibi yako