Mwana Punda Aliyefuata Gari la Maji

Kwa dada yangu mpenzi Zaituni,

Asalaam aleikum. Salamu hizi zikukute mzima hapo Nosy Be, wewe na shemeji na binti yangu Echa. Mimi mwili haujambo, moyo ndio haujatulia. Nakuandikia kwa Kiswahili alichotufundisha marehemu bibi, ili Echa asije akakunyang'anya barua akaisoma. Kifaransa sasa anakijua, na Kimalagasi ndicho anachootea ndoto. Hiki hakijui, na leo ni heri.

Mara tatu umeniomba Echa awe mwanao kabisa, akuite mama, na mara tatu nimejifanya sikuliona ombi lako. Nisamehe, dada.

Sasa nisikilize. Huku Omani naendesha gari la maji, nawapelekea wanaojenga barabara jangwani. Huko hakuna kitu, wallahi: mawe, mijusi, paa mmoja mmoja anayetoweka kabla hujamtazama vizuri. Na punda. Punda wasio na mwenyewe! Watu walipopata magari waliwaachilia, wakazaana huko huko mwituni. Mara ya kwanza niliwapigia honi kama tulivyowapigia ng'ombe njia ya Mahajanga. Ng'ombe wetu hupisha. Hawa walinitazama tu, mpaka nikaona haya mimi.

Juzi nilimkuta jike kagongwa, kalala kando ya lami, amekwisha kufa. Mwanawe kasimama hapo, anamsukuma kwa pua. Nikateremka, nikafungua bomba, nikamtilia maji kwenye ndoo. Akanywa, maskini, akayamaliza, akaja kuniegemea mguuni. Nikampapasa shingo. Kisha nikapanda gari, maana wenzangu walikuwa wakingoja maji.

Akanifuata. Nilimwona kwenye kioo, anakimbia kwa vijiguu vile, mpaka vumbi likamfunika. Dada, nililia njia nzima, mtu mzima na ndevu zangu. Echa alikimbia hivyo hivyo bandarini Mahajanga siku niliyoondoka, wiki ya pili baada ya kumzika mama yake. Na tangu siku ile nimemfanyia nini? Ndoo ya maji, kisha huyo, nimekwenda zangu. Hata vile viatu nilivyotuma uliniambia kisigino hakikuingia. Nilinunua vya mtoto wa miaka minne, na yeye sasa ana saba.

Basi mchukue. Akuite mama. Na akikuita wewe mama, mimi kakaye mamaye nitakuwa mjomba. Nimeridhia.

Nisalimie shemeji, mumeo. Nisalimie na shangazi yetu aliyebaki Mahajanga, mwambie asichoke kupalilia kaburi la mke wangu. Echa anapenda wanyama, msimulie habari ya mwana punda, ila uishie pale alipokunywa maji.

Ni mimi nduguyo,
Saidi, mjomba wake Echa