Kabari Chini ya Spika ya Besi

Jumapili, 2 Machi

Bila mimi hakuna mtu anayecheza katika mji huu. Watu wanadhani wanacheza kwa ajili ya mwimbaji. Wapi! Ni besi yangu inawaingia kwenye nyayo na kupanda mpaka kiunoni, ila wao hawajui, na mimi ni mtu mpole, siwaambii. Leo nimeziambia meza mbili tu.

Miaka kumi na tisa napiga gitaa la besi katika bendi hii. Shule niliiachia darasa la sita — mwalimu mwenyewe alikiri hana zaidi la kunipa.

Leo alasiri ukumbi ulijaa. Wakati wa mapumziko meneja wa ukumbi akaja, uso kama kakanyaga msumari. Eti glasi zinatembea. Eti meza ya pili glasi ya mama mmoja imetembea yenyewe mpaka ukingoni ikammwagikia mapajani. Nikamwambia hilo dogo. Kuna mwaka nilipiga uwanja wa mpira, goli likahama hatua tatu, na kesho yake timu zikachezea hapo hapo lilipohamia. Hakucheka.

Mwenyekiti akaniita chumba cha kuwekea viti. Huyu ndiye mwimbaji, na bendi ni yake.

— Mjomba, punguza.

Bendi nzima wananiita Mjomba, hata walionizidi umri.

— Nipunguze nini, na mimi mwenyewe sijisikii?

— Hujisikii? Mlinzi wa getini anakusikia!

— Basi huyo ana bahati.

Akasema hataki utani. Jumapili ijayo glasi ikisogea tena, hata upana wa kidole, mimi basi. Besi atapiga Dada Kinanda kwenye kinanda chake, kwa mkono wake wa kushoto. Mkono wa kushoto! Nafasi ya miaka kumi na tisa vipewe vidole vitano ambavyo mpaka leo kazi yao ilikuwa kushika leso.

Nimefungua volyumu mpaka namba nane na bado sijisikii. Naona waya za gitaa zinatikisika. Sauti sijui inakwenda wapi.

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu nimemwambia meneja kaisifu besi mpaka glasi zikacheza. Akaniuliza, mtu aliyesifiwa mbona chakula hajakigusa? Nikamwambia sifa zinashibisha.

Mchana akapita mpwa wangu, binti wa dada yangu. Fundi wa simu na redio, ana kibanda chake na mabango mawili. Kichwa kile kakitoa kwangu, mama yake hana habari na nyaya. Habari za glasi alishazipata, sijui kwa nani. Mji huu una midomo.

Hakunicheka. Alinihoji kama daktari. Spika unaiweka wapi? Chini, nyuma yangu. Wewe unasimama umbali gani? Hatua moja. Uso wa spika unatazama nini?

Nikafikiri. Unatazama nyuma ya magoti yangu.

— Sasa Mjomba, wewe una masikio magotini?

Nikamweleza kitaalamu kwamba sauti hupanda, kama moshi. Akasema haipandi. Ile inayobeba noti, ile ya kukufanya ujue umepiga nini, inakwenda mbele moja kwa moja kama tochi. Inanipita katikati ya miguu, inawafikia wateja. Wao wanapata yote, mimi sipati kitu, naongeza. Wanapata zaidi. Naongeza tena.

Nikasema nilikuwa najua hilo, nilikuwa namtega tu.

Akachomeka spika pale pale sebuleni, volyumu namba tatu. Piga, Mjomba. Nikapiga. Kama kawaida, kunguruma tu. Akasema sasa chuchumaa huku unapiga. Nikachuchumaa mpaka sikio likawa usawa wa spika.

Lo!

Kila kidole nilikisikia. Mpaka kucha! Jirani akagonga ukuta. Magoti yakagoma kuninyanyua, nikabaki pale chini kwa muda. Nikawaambia naendelea na uchunguzi.

Sasa jambo liko wazi. Ama masikio yashuke, ama spika ipande.

Jumanne, 4 Machi

Njia ya kwanza: kiti. Spika yangu ina kilo thelathini na nane, mimi hubeba kwa mkono mmoja, leo tu nilimwomba mke wangu ashike upande wa pili. Tukaipandisha juu ya kiti cha mezani. Ikanitazama kifuani. Safi sana. Nikapiga wimbo wa kwanza, spika ikaanza safari. Inatetemeka na kusogea, inatetemeka na kusogea, kama mtu anayetoka mkutanoni hataki aonekane. Nilipofika kiitikio ikashuka.

Spika ni nzima. Kiti mguu mmoja umekatika. Nimemwambia mke wangu kiti kilikuwa na mchwa. Akasema mchwa wa kilo thelathini na nane.

Njia ya pili: kreti la soda. Hili halitembezi spika, ila lina sauti yake. Kila nikigusa waya mnene kreti linaitikia mmmm, kama mgonjwa anayeulizwa hali. Nililifunga kamba. Likaitikia na kamba.

Jumatano, 5 Machi

Njia ya tatu, yangu mwenyewe, sikufundishwa na mtu: kwa nini kuipandisha? Ilale chali kidogo tu. Tofali chini ya ukingo wa mbele, spika inyanyue uso, initazame kama mtoto anayeomba kitu.

Ilinitazama! Ikanitazama nyimbo mbili. Wa tatu ikateleza kutoka kwenye tofali, ikapiga sakafu, picha ya harusi yetu ikaanguka ukutani. Mke wangu aliiokota akaiangalia muda mrefu. Akaifuta vumbi kwa pindo la kanga, akaitundika. Afadhali angefoka.

Mpwa kapiga simu. Anasema wazo la kuilaza ndilo lenyewe (nilimkumbusha ni langu), ila tofali halina mshiko. Tafuta kabari ya mbao, yenye kizuizi cha nyuma isiteleze, na mpira chini. Mpira una kazi mbili, anasema. Unashika sakafu, na unaizuia spika isilitetemeshe jukwaa. Lile jukwaa la ukumbi ni mbao tupu na chini wazi, yaani ni ngoma, na mimi nilikuwa naipiga kwa spika bila kujua. Ndicho kilichotembeza zile glasi.

Miaka kumi na tisa napiga vyombo viwili kwa pamoja. Wengine wanalipwa mara mbili kwa hilo.

Alhamisi, 6 Machi

Kwa shemeji, kaka wa mke wangu, seremala. Yuko ndani ya vumbi lake, penseli sikioni.

— Shemeji, nataka kabari.

— Ya mlango?

— Ya spika. Nataka ilale chali kidogo, initazame usoni.

— Dada yangu anajua kwamba kuna kitu kinalala chali kinakutazama usoni?

Wateja wake wawili wakacheka mpaka mmoja akakalia gundi. Nikawaacha wacheke. Mtu mkubwa huchekwa na wengi.

Akauliza ilale kiasi gani. Nikamwambia kama mtu anayeangalia ndege. Ndege anayeruka au ndege aliyetua? Nikasema anayeanza kuruka. Akapima kwa jicho, akachora mstari, msumeno ukaanza. Nusu saa tu. Mbao ngumu, upana wa spika, mbele nene nyuma nyembamba, na kizuizi cha kidole kimoja. Kapiga randa mpaka inateleza kama sabuni. Nikamweleza ni uvumbuzi wangu na nitaupeleka mbali. Akasema basi nianze kwa kuupeleka nyumbani, anataka kufagia.

Ijumaa, 7 Machi

Mpira: kandambili za mke wangu, zile za bafuni. Nilikata vipande vinne kabla hajaamka. Ameamka.

Baada ya mazungumzo hayo nikaweka kabari, nikaweka spika. Haitembei. Haitelezi. Haiguni. Volyumu namba mbili na nusu — namba mbili na nusu! — na najisikia kama nimejimeza. Picha ya harusi imetulia ukutani. Mke wangu anapiga pasi chumba cha pili, kasema leo anamsikia msomaji wa habari. Kwa mke wangu hiyo ni pongezi.

Nikapiga nyimbo zetu zote mfululizo. Raha tupu. Nikafika Wimbo wa Shangazi, ule wa kufungulia kipindi cha pili, ambao watu husimama wakilia machozi. Sehemu ya kwanza nzuri. Halafu katikati kuna kona, pale bendi nzima tunapougeuza wimbo kwa pamoja na kurudi. Hapo kabari ikaleta shida. Noti zinatoka si zenyewe.

Nimeikagua. Huenda mbao ina ufa.

Nimerudia mara sita. Sehemu nyingine zote mbao haina neno. Ni pale kwenye kona tu.

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi. Nimeingia na kabari kwapani kama mtu wa ofisini. Mwenyekiti aliiona akakuna kidevu. Tulipoanza akageuka, akanisikiliza, akanyanyua kidole gumba. Kasema kumbe inawezekana! Miaka yote hii, Mjomba! Nikamjibu nilikuwa nasubiri mbao sahihi.

Fundi Viatu, mpiga dramu wetu (viatu ndiyo kazi yake ya asubuhi), anasema leo kwa mara ya kwanza ananisikia. Aliposema hivyo alinitazama vibaya kidogo. Au ni mimi.

Wimbo wa Shangazi. Kona ikafika. Nikasikia kitu kibaya, nikasimamisha wote. Nikasema nani kabadilisha kona?

Fundi Viatu akainama kukaza skrubu ya dramu.

Dada Kinanda akauliza taratibu:

— Mjomba, kwani wewe ile kona unaiendeaje?

— Kama siku zote.

— Aa. Sawa, Mjomba.

Akaangalia vidole vyake. Mtu akikujibu sawa kwa upole namna ile, afadhali akutukane. Nikamvuta Fundi Viatu nje, nikamuuliza kama mwanaume kwa mwanaume, kona imebadilishwa lini? Kanijibu kona ni ile ile tangu yeye ana nywele.

Nilipiga zilizobaki bila matatizo. Mbao nimeipaka mafuta. Huenda ilikuwa kavu.

Jumapili, 9 Machi

Mapumziko. Naandikia chumba cha viti, mlango nimeuegemea kwa mgongo. Dakika kumi na tano, zimeshakwenda sita.

Kipindi cha kwanza — sijawahi kuona. Volyumu namba tatu, spika kwenye kabari, besi inanijia usoni kama upepo wa feni. Hakuna glasi iliyosogea. Meneja alipita meza kwa meza anazitazama kama askari wa zamu, akarudi akaegemea kaunta anatikisa kichwa kwa mdundo wangu. Meneja! Yule mama wa meza ya pili alicheza na viatu mkononi. Mpwa wangu yuko meza ya nyuma na rafiki zake wawili, anawaonyesha kabari kwa kidole, najua anawaambia ni wazo lake. Mwache.

Tuliposhuka jukwaani Mwenyekiti akanikumbatia, jasho kwa jasho. Mambo ya mkono wa kushoto yamekwisha, kasema. Nafasi ni yako mpaka uchoke mwenyewe. Halafu, kwa furaha yake, akaongeza jambo. Kwa kuwa sasa besi inasikika, tukifungua kipindi cha pili kwa Wimbo wa Shangazi, kwenye kona wote wananyamaza. Dramu kimya, kinanda kimya, gitaa kimya. Mjomba peke yake. Ameshamwambia na meneja. Meneja kasema watazima feni watu wasikie vizuri.

Nikamwambia hiyo ni heshima ndogo, nimezoea kubwa.

Walipokwenda kunywa maji nikarudi jukwaani kama naangalia nyaya. Nikainyanyua spika upande mmoja, nikaichomoa kabari. Sasa spika iko chini, inatazama magoti yangu kama zamani. Kabari ninayo hapa, nimeikalia.

Nikiiacha spika chini sitajisikia. Nitafungua volyumu mpaka nane, najijua. Glasi zitatembea, na hapo hapo Dada Kinanda atanyoosha mkono wake wa kushoto. Nikiirudisha kabari, glasi zitakaa, kazi itakaa, na kona nitaisikia yote. Wao pia.

Dada Kinanda kapita sasa hivi hapo nje. Kasema akiwa mlangoni, Mjomba, ukitaka ile kona ni ndogo tu, ni noti tano, naweza kukuonyesha kabla hatujapanda. Nikamjibu mimi kona hii nilikuwa naipiga yeye akiwa shule. Akasema sawa, Mjomba. Lakini sisikii viatu vikiondoka.

Zimebaki dakika nne. Mwenyekiti anajaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili, anawaambia watu wakae tayari kwa jambo ambalo hawajawahi kulisikia.

Hilo ni kweli. Mimi mwenyewe sijalisikia. Kona ya Wimbo wa Shangazi siijui, sijawahi kuijua. Miaka kumi na tisa tukifika pale nafumba macho, nakunja uso kama mtu mwenye hisia kali, nagusa waya wowote.