Adrien Kwenye Mashindano ya Magari

Élisabethville, 29 Mei 1955

Yaya Delphine, dada yangu mkubwa mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji na watoto. Bijou amepona kikohozi? Na mguu wa shemeji unaendeleaje tangu aumie kwenye reli huko Kamina? Sisi hapa tu wazima, tunakula, tunalala, tunakwenda misa. Uliuliza mbona nimenyamaza tangu matanga ya mama. Nilikuwa na hasira, yaya, na sikutaka kukuandikia hasira tupu.

Unajua kwamba mume wangu Adrien aliomba ile kadi ya serikali ya kuhesabiwa kama Mzungu. Lakini hili sikukuambia msibani. Siku kamati ya kadi hiyo ilipokuja nyumbani, mwezi wa pili, kutazama kama tunalala kitandani na kula kwa uma, Adrien alimficha mama yetu kwenye jiko la nje, wasije wakamkuta anakula kwa mkono. Jiko halina mlango, na mvua ilikuwa inanyesha. Wale wageni walikaa mchana kutwa wakifungua makabati yangu. Mama alianza homa kesho yake, na Pasaka haikumkuta. Kadi nayo haikuja.

Basi mwezi huu Adrien akasikia kwamba Wazungu wenye magari wameandaa mashindano ya watu wanaoanza, kwa magari haya haya ya kwenda kazini. Uwanja uko njia ya Kasungami. Gari moja moja linazunguka mapipa, na mwenye mbio ndiye mshindi. Mkubwa wa mashindano ni mume wa Madame ninayemshonea, na yumo pia katika ile kamati. Adrien akaenda kwake kuomba nafasi, akapewa.

Ungeona alivyoihangaikia ile Opel yake kuukuu! Aling'oa kiti cha nyuma akakiweka sebuleni, wageni wakawa wanakikalia. Akatoa gurudumu la akiba, jeki, mikeka, kila kitu kinachoweza kuruka kwenye kona. Akabadilisha mafuta ya breki, akajaza matairi upepo hadi yakawa magumu, akafunga betri kwa mpira wa baiskeli. Alikaza bulon, zile nati za magurudumu, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kofia aliazima kwa jirani yetu Kasonde, ile ya kushukia mgodini. Kasonde akamuuliza kama anakwenda kushindana au anahama nyumba. Mimi nilimshikia spana, nikamsifu, nikamwandikia namba mlangoni kwa chokaa.

Jumapili iliyopita asubuhi washindani walitembezwa kwa miguu kuonyeshwa njia. Adrien akawekwa wa mwisho. Alipokuwa akifunga kofia, vibarua wakaamriwa kuhamisha mapipa ya kona ya mwisho. Nasema kweli, aliendesha vizuri, hakugusa hata pipa moja. Kisha akayafuata yale yaliyohamishwa, nayo yakampeleka moja kwa moja ndani ya shimo la wafyatua matofali. Tope lilifika madirishani. Mabibi walipiga makofi, mmoja akapiga picha. Adrien alitokea dirishani, akafuta mkono kwenye suruali, akaenda kumsalimu yule mkubwa na kumshukuru: merci, Monsieur. Mtu mmoja alicheka hadi akakaa chini.

Sasa sikia jambo ambalo hata padri sijamwambia. Nilijua. Madame alinisimulia mpango wa yale mapipa Alhamisi nilipokuwa nikimpima sketi, akicheka mpaka pini zikamwanguka, akaniomba nisiwaharibie furaha. Nilirudi nyumbani nikamkuta Adrien chini ya gari, nikanyamaza. Nilitaka aonje aibu aliyomwonjesha mama. Alipotoka shimoni nilicheka pamoja nao, tena kwa sauti, na alinisikia.

Jioni hiyo nikamwambia kwamba nilijua. Nilitaka imuume. Alikuwa anaosha tope masikioni, wala hakugeuka.

«Miye pia nilijua, Régine,» akasema. «Monsieur mwenyewe alinielezaka, tangu siku nilienda kuomba. Alisema nikikubali kuanguka mule, batu bacheke, kadi itatoka. Njo maana nilikaza gari vile, nisikufe mule ndani.»

Halafu akaomba taulo. Yaya, niliitafuta hasira yangu nikakosa pa kumchoma nayo. Mtu niliyetaka kumdhalilisha alikuwa amekwisha kujiuza mwenyewe, na mimi ndiye niliyemshikia spana.

Kadi imefika jana. Mimi pia nimo, kama mke wake. Leo asubuhi, kwenye duka la mkate la Wazungu, nilipita mlango wa mbele, nikahudumiwa kabla ya mwanamke mzee wa umri wa mama aliyekuwa akingoja kwenye kidirisha cha nyuma, cha Waafrika. Sikumwachia nafasi.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, na majirani wanaonikumbuka. Mwombee mama kwa niaba yangu, kwa maana nikipiga magoti maneno hayaji. Mungu awalinde.

Mdogo wako,
Régine