Vigelegele Marufuku

Jumamosi, 7 Februari

Viti vya plastiki tena. Nimekaa safu ya pili, karibu na ukuta, kama kawaida. Wa mbele wanarukiwa na jasho, wa nyuma wanasikiliza jenereta. Tumeanza kwa kuchelewa kwa sababu watu wa semina walikuwa hawajamaliza chai.

Ukumbi huu wa nyuma ya hoteli, hapa Hai Amarat, Juba, katikati ya wiki ni wa semina. Jumamosi jioni anaachiwa Mwalimu Lado na wachezaji wake wa baleti. Bango la semina haliondolewi. Leo korongo wamecheza mbele ya maandishi makubwa: NAWA MIKONO KWA SABUNI.

Baleti yenyewe inaitwa Korongo. Lado aliitunga aliporudi kutoka Nairobi alikosomea. Msichana anamngoja kaka yake mtoni, kaka harudi, msichana anageuka ndege aende kumtafuta. Hadithi nzuri. Haina maneno, tofauti na Lado.

Modi, anayecheza kaka: mrefu kama mnara wa simu, na anageuka kama mnara wa simu. Akimnyanyua msichana uso wake ni wa mtu anayeshusha saruji. Keji, mmoja wa korongo, anahesabu kwa midomo. Ukumbi mzima tunajua amefika ngapi. Wale wa nyuma walianza kucheza wakiwa wadogo, ngoma za kuiga pembe za ng'ombe, kwa hiyo Lado akidai mikono laini ya mviringo, mikono inapanda juu na kukaza. Korongo wenye pembe. Nasema hili kila wiki. Nani anasikia.

Halafu Kiden, yule msichana wa mtoni. Kiden hahesabu. Anapanda juu ya ncha za vidole, anainua mguu mmoja nyuma polepole, na wewe unasahau sabuni.

Ni hapo hapo, katika dakika hiyo, wanawake watatu waliinuka na vigelegele. Mmoja akapanda jukwaani akambandika noti kwenye paji la uso. Mtu yuko juu ya mguu mmoja! Kiden akayumba, akashuka kwa goti. Ukumbi ukazidi kushangilia.

Nimeudhika mpaka njaa imepotea.

Jumapili, 8 Februari

Bado nimeudhika. Kanisani sikumsikia padri.

Najua ni desturi. Mchezaji akikupendeza unainuka, unapiga kigelegele, unampamba kwa noti. Harusini sawa. Lakini baleti nimeitazama miaka mingi. Nilianza Nairobi, kwa kanda za yule bibi niliyekuwa nampigia pasi, yeye amesinzia kwenye kochi, mimi pasi imeniunguzia shuka. Sasa natazama kwenye simu, pale ofisini ninapouza tiketi za ndege, wateja wakiwa wachache. Huko kwenye video watu wananyamaza kama wako mahakamani. Wanangoja mwisho ndipo wapige makofi. Huo ndio ustaarabu wa kitu hiki.

Nimemwandikia Lado ujumbe mrefu. Amejibu kwa kidole gumba.

Jumanne, 10 Februari

Jambo lenyewe ni kubwa kuliko kero zangu. Chuo alichosoma Lado kule Nairobi kimekubali kumchukua Kiden. Kilichobaki ni ruhusa ya Amtu Rose, shangazi yake aliyemlea tangu wakiwa uhamishoni Uganda. Bila neno lake Kiden hatoki Juba. Hata kujaribu hatajaribu, namjua.

Nimekwenda kwao Jebel kumbembeleza. Amtu Rose na mimi tuliimba kwaya moja kule Uganda. Yeye sauti ya kwanza, mimi niliwekwa nyuma nikaombwa nifungue mdomo tu.

Alikuwa anachambua bamia. "Mama Stella, hii kitu ya Lado mimi nimesikia. Iko hakuna ngoma. Watu wanacheza bila ngoma namna gani? Hiyo ni mazoezi ya jeshi."

Nikamweleza kuhusu muziki wa spika. Akanitazama kama ninayeuza spika.

"Mimi nitakuja kuona na macho yangu," akasema. "Nikiona watu wanampenda, nitasema ndiyo. Nikiona wanamwaibisha, kalas, atabaki hapa anisaidie duka."

Atakuja tarehe ishirini na moja. Sasa lazima siku hiyo mambo yawe safi. Hakuna mtu kupanda jukwaani na noti yake.

Jumamosi, 14 Februari

Hakuna onyesho. Ukumbi umechukuliwa na wapendanao. Nilipita nje nikawaona wakila kuku chini ya bango la sabuni.

Nimemkamata Lado mlangoni. Nimemwambia: weka sheria. Vigelegele marufuku, kusimama marufuku, noti marufuku. Akakuna kichwa. "Mama Stella, watu wa hapa watakubali kweli?" Nikamwambia watu hukubali chochote kikiandikwa kwa herufi kubwa.

Tangazo nimelichapisha mwenyewe, ofisini.

Alhamisi, 19 Februari

Joto la kuchemsha yai. Nimepita mazoezini. Modi amejifunza kutabasamu akimnyanyua mtu. Sasa anaogopesha.

Kiden amekuwa mwepesi hivi kwamba nilijikuta nashika kiti. Alipomaliza akaja kunisalimia, jasho linadondoka. "Mama Stella, Amtu atakuja kweli?" Atakuja. "Nitamjua nikiwa kule juu?" Utamjua, nikamwambia, atavaa kitenge chake cha njano, hata rubani atamwona.

Jumamosi, 21 Februari

Sijui nianzie wapi. Nianze na mimi, maana Lado ameanza na mimi.

Ukumbi ulijaa. Nilisimama mlangoni na tangazo langu, kila aliyeingia nikamsomea. Wasiojua kusoma nikawaelekeza kwa kidole mdomoni. Wanawake wale watatu wa noti niliwakalisha karibu yangu. Amtu Rose, kitenge cha njano, mstari wa mbele. Naye nilimsomea. "Hata kikohozi?" akauliza. Kikohozi ruhusa, nikasema.

Wakanyamaza. Mungu wangu, walinyamaza. Sijawahi kusikia Juba imenyamaza namna ile. Hata jenereta ilionekana kuona aibu.

Na Kiden alicheza kuliko siku zote. Nasema nikiwa na akili zangu. Ile ya kupanda kwenye mguu mmoja aliifanya kama mtu anayekumbuka kitu. Nilikuwa nimejaa raha mpaka masikioni. Nikajisemea, hivi ndivyo inavyotakiwa.

Halafu nikamwona anatazama watu. Mara moja. Akazunguka, akatazama tena. Mikono ikapoteza umbo. Mara ya tatu hakurudi kwenye mstari, alisimama katikati, muziki unaendelea, Modi amenyoosha mikono anangoja wa kumnyanyua. Akaweka kiganja mdomoni, akakimbia nyuma ya pazia.

Watu wakaendelea kunyamaza. Walidhani ni sehemu ya hadithi.

Nilimkuta nyuma ameketi juu ya kreti za soda. "Nimefanya nini?" ananiuliza. "Mbona wamenichukia hivyo? Kama matangani!"

Hakuna aliyewaambia wachezaji. Tangazo lilikuwa mlangoni. Wachezaji waliingia kwa mlango wa jikoni. Mimi nilidhani Lado atawaambia, Lado alidhani nimeshawaambia. Msichana amepanda jukwaani kwenye siku yake kubwa, amecheza roho yake yote, na watu mia wamemtazama kama maiti.

Jumapili, 22 Februari

Lado: "Madam, umeniua." Hajawahi kuniita madam.

Nimekwenda Jebel. Amtu Rose hakunikaribisha kiti, nikajikaribisha.

Nilimweleza kwamba ule ukimya ulikuwa heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho, na kwake hiyo ni dalili mbaya.

"Mama Stella. Watu wote ule, hakuna hata mmoja amefungua mdomo. Mtoto amelia. Wewe unaniambia hiyo ni heshima?"

Ndiyo.

"Na huko Nairobi wananyamaza hivyo kila siku?"

Nikasema ndiyo. Nilipaswa kusema kitu kingine chochote.

"Basi. Mimi sipeleki mtoto mahali anacheza na watu wanamkalia kimya kama nyoka. Atabaki duka."

Kiden alikuwa ndani, namsikia akiosha vyombo kwa nguvu. Hakutoka.

Nimepanda raksha ya matairi matatu kurudi. Dereva akaniuliza kama nimefiwa.

Jumatano, 25 Februari

Sijatazama chochote kwenye simu. Nimeuza tiketi mbili za Nairobi na kila moja imenichoma.

Nakasirika na Amtu Rose. Halafu nakasirika na mimi. Halafu narudi kwa Amtu Rose, ni rahisi zaidi.

Jambo linalonikera kuliko yote: Kiden yuko dukani anapima sukari, na mgongo wake umenyooka hata akipima sukari.

Ijumaa, 27 Februari

Amtu Rose amepiga simu mwenyewe. Kiden hali vizuri, hasemi, na sufuria mbili zimepata mibonyeo.

"Kama iko mchezo wa kweli," akasema, "aje acheze hapa kwangu. Uani. Mbele ya watu yangu. Hakuna karatasi mlangoni."

Uani! Vumbi na kokoto, na kuku wakipita katikati. Kiden ana jozi moja tu ya viatu vile vya kusimamia vidole, vya hariri. Nikamwambia haiwezekani, ardhi itavikata.

"Basi haiwezekani," akasema, akakata simu.

Nimempigia tena. Nimesema inawezekana. Namna gani, sijui.

Jumapili, 1 Machi

Baada ya kanisa tulikuwa wote uani. Mimi, Lado na spika yake, majirani, wanakwaya, akina mama wa soko la Jebel. Kiden alitoka na viatu mkononi, akatazama kokoto, akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Lado. Lado akatazama spika.

Amtu Rose aliguna. Akaenda jikoni, akaita wajomba wawili, wakang'oa mlango. Mlango wa mbao, mzito, bado unanuka moshi. Wakaulaza chini katikati ya uwanja. "Yala," akasema. "Cheza."

Nilitaka kupinga. Baleti nzima juu ya mlango! Korongo anahitaji nafasi ya kuruka.

Kiden alivaa viatu. Akapanda. Akaanza kuikunja ile ngoma yote iingie mlangoni, hatua ndefu akazifanya fupi, mizunguko akaifanya palepale aliposimama. Na ardhi chini ilikuwa na bonde kidogo, kwa hiyo kila alipotua mlango ulilia. Du. Du-du. Lado alitaka kuongeza sauti ya spika, nikamshika mkono.

Mama mmoja akaanza kupiga makofi kuujibu mlango. Kisha wa pili. Kisha hapakuwa na jinsi ya kuwazuia, na sikuwa na karatasi. Vigelegele mpaka kuku wakapanda ukuta. Kiden akainua uso. Nilimwona akisikia.

Akapanda kwenye mguu mmoja. Ule mguu wa nyuma ukapanda, polepole. Na Amtu Rose akainuka na noti.

Nilifunga macho. Nakiri. Nilipofungua, Amtu Rose alikuwa amekanyaga ukingo wa mlango, anaibandika ile noti kwenye paji la uso la Kiden, anaikandamiza kwa kidole gumba, taratibu, kama anayefunga barua. Na Kiden hakutikisika. Alibaki palepale juu, na noti yake, anatazama mbele, mpaka shangazi yake aliposhuka.

Amtu Rose akaja kukaa karibu nami. "Aende," akasema. Kisha: "Wewe unalia nini? Iko marufuku."

Ijumaa, 13 Machi

Tiketi nimemkatia mwenyewe. Kiti cha dirishani.

Uwanja wa ndege, kelele za kawaida, mabegi yaliyofungwa kwa kamba. Nilimvuta Kiden pembeni nikamweleza tena kwamba huko watu watanyamaza, na kimya chao ni kizuri, asiogope.

"Na nitajuaje kama ni kizuri?"

Nilikuwa na jibu. Nimekuwa nalo miaka mingi. Nilipolifungulia mdomo nikaliona halitoshi. Nikamrekebishia ukosi wa blauzi, ambao haukuwa na tatizo.

Jumamosi, 14 Machi

Safu ya pili, karibu na ukuta. Bango jipya: CHANDARUA NI UHAI.

Keji amepewa nafasi ya Kiden. Anahesabu kwa midomo bado. Mikono ina pembe. Modi alimnyanyua vibaya, akamweka chini vibaya.

Amtu Rose alikuja bila kualikwa, kitenge cha njano, akakaa kando yangu. Tangazo langu nilishaliondoa, lakini watu hawajalisahau. Wote kimya.

Keji akafika ile ya mguu mmoja. Akapanda. Akatetemeka mpaka kiunoni. Na nikamwona anatazama watu, mara moja, kwa pembe ya jicho.

"Huyu hapana," Amtu Rose akaninong'oneza.

Huyu hapana, kweli. Huyu bado sana.

Nikafungua mdomo nikapiga kigelegele. Kibaya, kama mbuzi aliyekanyagwa. Nilielewa kwa nini kwaya iliniweka nyuma.

Amtu Rose aligeuka.

"Hata huyu?"

Hata huyu, nikasema. Keji alikuwa bado juu.

Tumerudi kwa miguu mpaka barabara kubwa, Amtu Rose na mimi. Kiden ametuma ujumbe kwamba amefika, na kwamba chumba chake kina mlango mzuri, wa mbao.