Wagika, Wagalu na Ukuta wa Umeme

Jumamosi, 7 Juni 2025

Nimeingia tatu bora! Mada zimetumwa kutoka Kanda ya Ziwa nzima, na yangu imebaki. Tarehe 27 naitetea mbele ya kamati ya kongamano la usalama hapa Mwanza. Mshindi anakwenda Dodoma kuisoma mbele ya watu wa ulinzi wenyewe. Watu wa ulinzi! Mimi, mwalimu wa kompyuta wa sekondari, wa Mabatini!

Nimemwambia Baba wakati wa chai. Kauliza mada inahusu nini. Nikasema Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, kama silaha ya ulinzi wa taifa. Kacheka mpaka akapaliwa. Eti vita vya Kagera alipigana kwa miguu yake, goti la kushoto linamkumbusha kila mvua ikinyesha, na kwenye handaki hakuona kompyuta hata moja. Halafu akauliza kama hii si ile biashara ya matapeli wa kwenye simu.

Nimekasirika. Chumbani nimecheka peke yangu.

Jumatano, 11 Juni

Nimejaribu tena, polepole. Nikasema: mashine za dunia nzima zinashindana kwa kula umeme, na umeme huo ndio unaolinda kumbukumbu za kila muamala. Anayetaka kuzichakachua sharti awe na nguvu kuliko wengine wote kwa pamoja. Ni ukuta, Baba – ukuta wa umeme! Nchi yenye mashine nyingi sauti yake inafika mbali bila kurusha risasi.

Hapo hapo umeme ukakatika. Mtaa mzima, giza.

Baba kawasha tochi ya simu, kanimulika usoni, kauliza ukuta umeangukia upande gani. Mzee huyu!

Jumapili, 22 Juni

Bujora, kwenye mashindano ya ngoma za Wasukuma. Vumbi mpaka kwenye kope. Nimechoka, nimefurahi, nimeaibika – vyote kwa siku moja.

Vyama vya ngoma ni viwili, Wagika na Wagalu, na Baba ni Mgika hadi kwenye mifupa. Leo kacheza ngoma ya majembe na goti lake lile lile, na Wagalu wanacheza upande wa pili, uwanja mmoja, wakati mmoja. Watu ndio wanaoamua. Wagalu wakirusha jembe juu wakalidaka, umati unahamia huko. Wagika wakiongeza moto, umati unarudi. Ndipo nikaona mada yangu yote imesimama pale uwanjani! Huwezi kudai umecheza kama hukucheza. Jasho ndilo ushahidi. Wanaume wazima wanaoneshana nguvu mchana kutwa na jioni hakuna anayezikwa. Hiyo ndiyo silaha ninayoisema mimi, isiyomwaga damu.

Nikakimbilia kundi la Baba, bado wanahema, nikawahutubia. Nikamaliza kwa sauti: ngoma haiwezi kudanganywa!

Halafu Bibi Sabina, anayeanzisha nyimbo zao, akauliza taratibu, "Na dawa je, mjukuu wangu?"

Wakaangua kicheko. Baba ikabidi aketi chini. Na mimi nimezaliwa huku! Najua kabisa kwamba kundi zima linakwenda kwa mganga kutafuta dawa ya kuvutia watu, tena Wagika na Wagalu walianzia kwa waganga. Nimeyasahau yote kwa sababu ya msisimko.

Njiani Baba hakunitania. Kauliza kwenye mashine zangu mwenye dawa ni nani. Nikasema mwenye mashine nyingi kuliko wengine, huyo anaweza kuupinda mchezo. Kauliza mashine hizo ziko wapi. Nikasema nchi za watu.

"Basi sisi ni watazamaji," kasema.

Lakini ni mara ya kwanza ameniuliza swali akitaka kujua. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Ijumaa, 27 Juni

Nimetetea! Mada nimeiongezea aya moja: kwamba kwa sasa sisi ni watazamaji, na ukuta hautakuwa wetu mpaka tuwashe mashine zetu kwa umeme wa mito yetu.

Kanali mstaafu Alexander, mmoja wa kamati, alitikisa kichwa muda wote. Sijui kwa kukubali au kwa kusikitika. Baadaye mwenyekiti, Bwana Nathaniel, akaniita pembeni. Mada ni nzuri sana, kasema, ila aya ile inavunja moyo. Dodoma hawataki kusikia kwamba tuko nyuma. Niiondoe, safari ni yangu. Jibu kabla ya saa sita mchana Jumatatu.

Jumamosi, 28 Juni

Nimeiondoa. Nimeirudisha. Nimeiondoa tena.

Bila ile aya mada inasomeka vizuri – kama tangazo la sabuni. Na Dodoma naitaka. Naitaka sana, sitajifanya.

Nimemsomea Baba zote mbili. Kasema wakati wa vita waliambiwa mbele kuna daraja zima, wakafika wakakuta mto. Kisha akaomba chumvi.

Jumatatu, 30 Juni

Nimetuma saa tatu asubuhi. Aya imebaki. Tena nimeirefusha: mashine ya kwanza iwekwe wapi, nani aitunze, nani afundishwe.

Saa tisa simu. Bwana Nathaniel, sauti kavu. Kasema sikufuata maelekezo. Nikasema ni kweli, shikamoo. (Salamu ilikuja mwishoni, kwa woga!) Akaguna, marahaba. Kisha akasema kanali amesoma nyongeza yangu na ana maswali. Kesho saa nne nifike ofisini.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Sijui kama naenda kukubaliwa au kukaripiwa.

Baba hajaalikwa, lakini amekwisha piga pasi koti lake. Kanali hawezi kumkatalia askari mwenzake, kasema. Sasa amesimama hapa mlangoni ananisumbua nikiwa naandika: eti mashine yetu itapoozwa kwa maji, au upepo wa ziwa utatosha?

Yetu! Kasema yetu! Ngoja kwanza nimjibu –